Jaribu Bila Kusakinisha

"Mama, huyu aliyelala hapa alikuwa nani?"

Ambokile aliuliza akiwa amepiga magoti kando ya kaburi, anang'oa nyasi zilizoota kwenye nyufa za saruji. Alizing'oa kwa vidole, jani moja moja, asije akaharibu maua. Mvua ilikuwa imetoka kukatika, na ukungu ulikuwa bado umeufunika mlima.

Subilaga alisimama nyuma yake na ndoo ya maziwa mkononi.

"Mwanangu," alijibu.

"Aliugua?"

"Aliuawa."

Ambokile aligeuka. Machoni mwake mlikuwa na huruma ya kweli. "Pole sana, Mama. Kuna watu hawana utu kabisa." Kisha akarudi kwenye kazi yake, akaendelea kung'oa nyasi juu ya msichana aliyemuua kwa mkono wake mwenyewe.

Jibu lile halikukaa kichwani mwake. Halikupata kukaa. Nyasi zikiota tena angeuliza tena, kwa sauti ile ile ya upole, kwa sababu mfumo uliokuwa ukimwendesha ulifuta papo hapo chochote kilichokaribia kosa lake.

Mfumo huo uliitwa Tulizo. Tangu magereza yafungwe, muuaji hakufungwa tena. Alipasuliwa, akawekewa kifaa chini ya fuvu, kisha akakabidhiwa kwa wafiwa awatumikie. Sheria iliwaita watumishi wa fidia. Watu waliwaita watulivu. Nyuma ya sikio la kila mtulivu palikuwa na tundu dogo kama punje ya harage, na pembeni yake kitufe cha kumzima na kumwasha, ambacho kilitii kidole cha aliyekabidhiwa tu.

Familia nyingi ziliridhika. Shamba lilipata mikono, na wenye uchungu walipata mtu wa kumtuma. Subilaga naye alijaribu kuridhika. Mwaka wa kwanza alimpiga Ambokile kwa fimbo ya kuswagia ng'ombe mpaka fimbo ikavunjika. Ambokile aliokota vipande, akamshika mkono, akaukagua. "Umejiumiza, Mama? Ngoja nikuletee maji ya moto." Tangu siku hiyo hakumpiga tena. Aliyestahili kipigo hakuwemo mle ndani.

Lakini kulikuwa na jambo moja ambalo Subilaga hakuwahi kumwambia mtu. Mahakamani walisema binti yake, Tumpe, alikufa papo hapo, kwa pigo moja, alipovamiwa kwenye njia ya mashamba ya chai na kuporwa pikipiki. Daktari alikubali. Ambokile mwenyewe alikiri hivyo. Ila aliyeiosha maiti alikuwa mama yake, na kucha za Tumpe zilikuwa zimejaa udongo. Kucha zote, mpaka kwenye nyama.

*

Fundi Mwankemwa alikuwa na kibanda nyuma ya soko la Tukuyu. Alitengeneza miguu na mikono ya bandia ya watu waliokatwa na mashine viwandani. Siku Subilaga alipokwenda, mkono mmoja ulikuwa mezani, unajikunja na kujikunjua wenyewe.

"Fundi, nasikia kuna diski."

"Diski ni nyingi, Mama Tumpe. Unataka nyimbo za kwaya?"

"Nataka ya kuwaamsha watulivu."

Mwankemwa aliuzima ule mkono. Akaenda kufunga mlango, akarudi akakaa.

"Nani kakwambia?"

"Nina haja nayo. Aliyeniambia muache."

Mke wa fundi na Tumpe walikuwa wamesoma pamoja. Akavuta droo, akatoa kisanduku chenye skrini na waya mfupi, na diski nyembamba isiyozidi upana wa kifungo cha koti.

"Kifaa chochote kikiwaka," alisema, "kwanza kinatafuta mfumo wa kukiendesha. Hawa watulivu, kifaa chao kinatazama kwenye hifadhi yake mle kichwani, kinakuta Tulizo, kinaamka na Tulizo. Sisi tunakiambia kianze kutazama kwenye diski. Kwenye diski kinakuta mfumo mwingine. Unaitwa Mkesha. Kinaamka nao, na Tulizo haujui hata kwamba umerukwa."

"Na yeye anakuwa nani?"

"Anakuwa yeye."

Subilaga alikisogelea kisanduku.

"Tulizo haukufuta kichwa chake," fundi aliendelea. "Umekaa mlangoni tu, unazuia. Tangu wampasue, kila anachojifunza kinaandikwa kwenye hifadhi ya Tulizo, ubongo wenyewe hauguswi. Kwa hiyo ukimwamsha kwa Mkesha, kwake itakuwa ni ile siku waliyomlaza mezani. Hata dakika moja haijapita."

"Nikiitoa diski?"

"Unampata mtulivu wako kama ulivyomwacha. Yale aliyoyaona alipokuwa macho yanapotea yote. Mkesha ukiendeshwa kutoka kwenye diski hauandiki kitu. Ukimwamsha tena, ni siku ile ile ya upasuaji."

"Kila mara?"

"Kila mara."

Mwankemwa hakuupenda mng'aro ulioingia machoni mwa Subilaga. Akaiwasha skrini haraka, amwonyeshe. Yalitokea maneno katika mistari miwili: *Jaribu bila kusakinisha*, na chini yake, *Sakinisha*.

"Wewe ni huu wa juu tu. Huu wa chini usiuguse. Ukisakinisha, Tulizo unafutwa na hifadhi yake yote, na Mkesha unakaa mahali pake moja kwa moja. Kurudi hakupo. Tulizo wanao Idara ya Fidia peke yao, na Idara wakijua, mimi na wewe tumekwisha."

"Waliotengeneza Mkesha ni nani?"

"Ndugu wa watulivu. Wanawatafuta watu wao." Akamkabidhi kile kisanduku na diski. "Na wewe, Mama Tumpe, unamtafuta nani?"

"Nina swali moja," alisema Subilaga.

*

Alimwambia Ambokile aingie kwenye chumba cha majani ya ng'ombe, akae kwenye kigoda. Ambokile alikaa, akitabasamu. Subilaga akabonyeza kitufe nyuma ya sikio lake. Kichwa kikaanguka mbele. Akachomeka waya kwenye tundu, akatia diski kwenye kisanduku, akachagua mstari wa juu.

Ilichukua muda. Kisha Ambokile akavuta pumzi kwa nguvu, kama aliyeibuka kutoka majini.

"Wamemaliza?"

Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. Ilikuwa nzito, ya haraka, yenye wasiwasi. Subilaga hakuwa ameisikia tangu mahakamani.

"Mbona giza? Mama yuko nje? Alisema atanisubiri hapo nje." Akamwona. "Mama Tumpe?"

"Ndiyo mimi."

Akatazama mikono yake iliyojaa sugu, akaigeuza. Akashika uso, akakuta ndevu. "Nimelala kiasi gani?"

"Tumpe alisema nini?"

"Nini?"

"Kabla hajafa. Alisema nini?"

Ambokile aliinamisha kichwa. "Hakusema kitu. Nilimpiga mara moja akafa. Nilishasema mbele ya hakimu."

"Mimi ndiye niliyemwosha. Kucha zake zilijaa udongo."

Midomo ilimcheza Ambokile, akaikaza. "Nimwone mama yangu kwanza," alisema. "Mwite mama, tafadhali."

Subilaga hakuwa amepanga kusema alichokisema. Kilimtoka chenyewe.

"Mama yako amekufa. Alikufa mwaka uliofuata, akiliita jina lako. Hawakukuambia kwa sababu usingeelewa. Siku anazikwa wewe ulikuwa hapa kwangu, unakata majani ya ng'ombe, unapiga mluzi."

Ambokile alimtazama mdomo ukiwa wazi. Kilio kilipotoka, ng'ombe walishtuka upande wa pili wa ukuta. Alianguka kutoka kwenye kigoda, akajikunja juu ya majani, akaling'ata koti lake.

Subilaga alisimama akamtazama. Kifuani mwake palikuwa na kitu chepesi, kitamu, ambacho hakuwa amekionja tangu siku ya mazishi. Alikiacha kimkolee. Ndipo alipomnyanyua, akamkalisha, akaichomoa diski.

Mtulivu alifumbua macho. Akajigusa mashavu.

"Mama, mbona nimelowa uso? Paa linavuja?"

"Linavuja."

"Nitaliziba kesho," alisema, akainuka kwenda kuchota maji.

*

Akamwamsha tena wiki iliyofuata. Na iliyofuata.

Kila mara ilikuwa "Wamemaliza?" na kila mara "Mama yuko nje?" Subilaga alikuja kuyajua maneno yale kama mtu anavyoijua sala. Akajifunza namna. Kuna siku alimwambia habari ya mama yake mara tu alipofumbua macho. Kuna siku aliichelewesha, wakazungumza kwanza habari za kijijini, mpaka Ambokile akacheka kidogo. Siku moja alimwambia, "Mama yako yuko njiani, anakuja." Ambokile aliomba maji akanawa uso, akachana nywele kwa vidole, akakaa wima anautazama mlango. Subilaga alimwacha akae hivyo mpaka wachumaji wa chai walipoanza kurudi majumbani wakiimba. Ndipo akamwambia.

Swali la Tumpe aliliuliza, na jibu likawa lile lile: hakusema kitu. Siku nyingine Ambokile alitukana. Siku nyingine alipiga magoti, akaanza, "Mama Tumpe, nisa—" na Subilaga akachomoa diski kabla neno halijaisha. Baadaye kuna siku alisahau kabisa kuuliza.

Mwezi wa Juni, baridi ilipokaza, Subilaga alipata homa ya mapafu. Mtulivu alimbeba mgongoni mpaka zahanati na kumrudisha. Alimpikia uji, akamfulia, akalala sakafuni mlangoni ili amsikie akikohoa.

"Nikifa utafanyaje?" Subilaga alimuuliza.

"Usife, Mama. Mimi sina mtu mwingine."

Alisema bila kulalamika, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Subilaga akageukia ukutani. Miaka ilikuwa imepita bila mtu kumwita Mama kwa namna ile. Alipopona alikaa siku kadhaa bila kukigusa kisanduku. Kisha akakichukua.

Kichwa hakikukumbuka kitu, ila mwili ulikuwa na hesabu yake. Mikono ya mtulivu ilianza kutetemeka akikamua. Nywele za kwenye panja zikageuka nyeupe. Ngozi kuzunguka lile tundu la nyuma ya sikio ikachubuka, ikawa kidonda kisichofunga. "Siku hizi nachoka kama mtu aliyetoka msibani," alisema. Na siku moja alisimama mbele ya chumba cha majani, akashindwa kuvuka kizingiti.

"Miguu inakataa, Mama. Mimi sina neno, ila yenyewe inakataa."

"Ingia," alisema Subilaga.

Tulizo ulimfundisha kutii. Akaingia.

*

Sekela, dada yake Ambokile, aliruhusiwa kumtembelea kaka yake mara moja kwa mwaka. Alikuwa fundi cherehani huko Kyela, mwanamke mrefu mwenye maneno machache. Alikuwa amezoea kaka yake kumpokea kwa kumuuliza kama amekuja kununua maziwa.

Mwaka huo alimtazama, akamshika kidevu, akamgeuza kichwa. Akakiona kile kidonda. Akamwambia aende akamletee kikombe cha maziwa, kisha akamgeukia Subilaga.

"Umemwamsha."

Subilaga aliendelea kuchambua maharage.

"Shikamoo yangu uliitikia, Mama, basi na hili niitikie. Umemwamsha?"

"Ndiyo."

Sekela akakaa chini. Machozi yalimtoka, lakini uso wake ulikuwa umechangamka. "Aliniulizia?"

"Alimuulizia mama yenu."

"Ukamwambia?"

"Nilimwambia."

"Ila diski ya sisi ndugu naijua, ukiitoa anasahau. Ukimwamsha tena je?" Uso wa Sekela ukaanza kubadilika. "Umemwambia mara ngapi, Mama?"

"Kila mara."

Upepo ulipita kwenye migomba. Sekela alijifunika mdomo kwa kiganja, akabaki hivyo. Aliposema tena, alisema polepole.

"Mtu akifiwa hulia, akamaliza, akaendelea kuishi. Wewe umemfanya afiwe upya kila wiki. Sitakushtaki. Sina haki hiyo, mwanao alikufa mikononi mwake. Lakini nakuomba ukamilishe. Bonyeza ule mstari wa pili. Sakinisha. Awe mtu, alie mara moja, yaishe. Nitamchukua nimvushe mto Songwe, tuna wajomba Malawi. Hutamwona tena."

"Na mtumishi wangu?"

"Huyo si mtu. Ni kitu kilichomkalia kaka yangu."

Kikombe kiligonga sahani. Mtulivu alikuwa amesimama mlangoni na maziwa ya mgeni. Alikuwa ameyasikia.

"Mama," alisema, "mkiniwekea hicho, mimi nitakwenda wapi?"

Alimtazama Subilaga, akisubiri aambiwe kama maneno ya mgeni yalikuwa kweli. Alipoona haambiwi, akakiweka kikombe mbele ya Sekela kwa mikono miwili.

"Sawa, dada. Ukisema niingie, Mama, nitaingia. Ila ndama hajazoea mtu mwingine. Atasumbua siku za mwanzo."

*

"Wamemaliza?"

"Wamemaliza, Ambo," alisema Sekela.

Alimshika kabla hajauliza lolote. Alimwambia kwa upole kwamba miaka imepita, na kwamba mama yao amefariki. Alimwambia alikozikwa na nyimbo zilizoimbwa. Ambokile alilia kifuani mwa dada yake, na kilio chake hakikufanana na vile vya wiki zote. Kilikuwa na mwanzo, na baada ya muda kikawa na mwisho.

Subilaga alisimama na kisanduku mkononi. Kilio kile kilimchukiza.

"Muulize habari za mwanangu," alisema.

Ambokile alifuta pua. Hakumtazama. "Mama alinikataza," alisema.

"Alikukataza nini?"

"Kusema. Nilimwambia yeye peke yake, usiku wa kuamkia kesi. Akasema, sema alikufa papo hapo. Akasema, usimwongezee mzazi mwenzangu uchungu."

Subilaga alimsogelea. "Sema."

"Mama alisema—"

"Mama yako amekufa. Sema!"

Akasema. Alisema kwamba Tumpe alimtambua kwa sauti, ndiyo maana alimpiga. Kwamba alianguka lakini hakufa. Pikipiki ilikataa kuwaka, na wakati anahangaika nayo Tumpe alikuwa anamsemesha. Alimwita Ambo. Alimwambia, nisaidie nifike barabarani tu, sitamwambia mtu. Alimwambia, mama hajafunga mlango, hafungi mpaka nifike. Kisha akaanza kutambaa kati ya mistari ya chai. Ambokile akaiacha pikipiki, akaondoka kwa miguu, na akiwa anaondoka akamsikia anaita Mama. Hakuita kwa kupiga kelele. Aliita kama mtu aliye chumba cha pili. Alimsikia mpaka mtoni. Nyumbani aliziba masikio. Alfajiri alirudi, akamkuta amefika ukingo wa barabara, mkono mmoja umekwisha kuigusa lami.

"Alikuwa bado wa moto," alisema Ambokile.

Usiku ule Subilaga alikuwa macho, mlango uko wazi, chai iko jikoni. Kutoka kwake mpaka ile barabara ni mwendo wa mtu kuchota maji.

Ambokile aliona kisanduku, akaona waya uliotoka nyuma ya sikio lake, akaelewa. "Kile walichoniwekea kiko wapi? Nirudishieni. Sekela, waambie wanirudishe kule. Sitaki kuwa mimi. Mama Tumpe, nakuomba, nirudishe."

"Sakinisha, Mama," Sekela alisema. "Anasema kwa uchungu tu. Nakuomba."

Subilaga aliutazama mstari wa pili. Akaubonyeza. Skrini ikauliza: *Tulizo na vyote vilivyohifadhiwa vitafutwa. Unataka kuendelea?*

Alimfikiria yule aliyembeba mgongoni mpaka zahanati. Alikuwa mle ndani, amezimwa, hajui kitu, anangoja kuwashwa akakamue. Kidole chake kilisita hapo.

"Nirudishe," alisema Ambokile. "Nirudishe nisijue."

Hilo ndilo lililoamua. Kama angeomba aachwe macho, huenda Subilaga angeichomoa diski. Lakini aliomba kusahau, na Subilaga akabonyeza *Ndiyo*.

Mstari wa kijani ukaanza kusogea kwenye skrini. Sekela alianguka miguuni pake, akaikumbatia, akailowesha kwa machozi.

"Mungu akubariki, Mama. Una moyo wa ajabu. Mungu akubariki."

Subilaga alimwacha aendelee kushukuru.

*

Sekela alimwacha Ambokile pale pale, Idara wasije wakashtuka, akaenda kuandaa safari, na ilimchukua muda kupata watu wa kuaminika wa kuvuka mpaka. "Ukiwaita Idara," alimwambia Subilaga kabla hajaondoka, "utajibu na wewe habari za ile diski." Subilaga hakuwa na nia ya kuwaita. Alikuwa na kazi nyingine.

Kila jioni, maziwa yakishapelekwa, alimwita Ambokile kwenye chumba cha majani, akamkalisha kwenye kigoda, akamwambia asimulie. Siku za mwanzo Ambokile hakufika mbali. Alitapika. Alikataa chakula, akakonda. Akiruka neno, Subilaga alimrudisha nyuma. "Alisema nini kuhusu mlango? Anza hapo." Naye alianza hapo. Subilaga alimtazama usoni, akisubiri ule wepesi wa kifuani, na siku za mwanzo ulikuja.

Lakini wiki zilipita, na sauti ya Ambokile ikaanza kutulia. Akaanza kula. Sekela alikuja akamchukua kwenda kwenye kaburi la mama yao, naye Ambokile akarudi macho yakiwa mekundu lakini mabega yameshuka. Ikafika jioni aliyosimulia habari yote bila kusita, kuanzia sauti mpaka lami, na alipomaliza akavuta pumzi, akauliza, "Huyu ndama ameshaachishwa kunyonya?"

Kesho yake Subilaga aliteremka mjini.

"Nirudishie ule mfumo wa zamani," alimwambia Mwankemwa.

Fundi alielewa mara moja. Akaiweka bisibisi mezani. "Ulibonyeza."

"Basi nipe njia ya kumwamsha upya. Kama mwanzo."

"Ameshaamka, Mama Tumpe. Zamani kila ulipoitoa diski kilio chake kilifutika, kwa hiyo kila mara kilikuwa kipya. Sasa kinaandikwa. Kikiandikwa mtu anakizoea. Ndiyo kupona kwenyewe."

"Mimi mbona naandikwa tangu siku ile na sijapona?"

Mwankemwa aliichukua tena bisibisi.

"Na yule mwingine?" aliuliza Subilaga, sauti ikiwa chini.

"Yupi?"

"Aliyekuwa akiniita Mama."

Fundi alitazama pembeni, kwenye miguu ya bandia iliyoegemezwa ukutani. "Yule ulimfuta," alisema.

Siku ya kuondoka, Ambokile alifika mlangoni na begi la dada yake begani. Alipiga magoti kwenye matope, akaomba msamaha, na safari hii hakuna aliyemkatiza. Alilimaliza neno lote. Subilaga hakumjibu. Ambokile akangoja, kisha akainuka.

"Asante kwa kunisimulisha, Mama Tumpe," alisema. "Mwanzoni nilikuwa namsikia kila nikifumba macho. Sasa simsikii tena."

Alisema kwa moyo safi. Sekela alimshika mkono, wakateremka kwenye njia ya migomba, na migomba ikawafunika.

Jioni ndama alisumbua. Alipiga teke ndoo, na maziwa yakamwagika yote. Subilaga hakuyazoa. Aliingia kwenye chumba cha majani, akaketi mahali alipozoea kuketi, akakitazama kigoda kitupu. Nje wachumaji wa chai walikuwa wakirudi.

Akaanza kusimulia mwenyewe, kwa sauti, kwa maneno ya Ambokile. Alinitambua kwa sauti. Nikampiga. Pikipiki ikakataa kuwaka. Aliniita Ambo, akasema nisaidie nifike barabarani tu. Kisha akaanza kutambaa kati ya mistari ya chai, na—

Alinyamaza. Alikuwa ameyaruka maneno ya mlango.

Akajirudisha nyuma, akaanza hapo.